Mzimu Aliyeambiwa Aje Kesho

Siku pengwini alipoingia masjala, Bwana Kesho alikuwa ametimiza miaka ishirini na tisa dirishani, na kiti chake kilikuwa kimeshika umbo la makalio yake, hata akiinuka ungeapa bado yupo.

Jina hilo alipewa na watu wa foleni, kwa kunong'ona. Lilipomfikia sikioni akalipenda. Alidhani wanamsifu kwamba ni mtu wa kutazama mbele.

Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Hongo hakula, tusi halikumtoka, na dirisha hakulifunga kabla ya saa. Ukifika na karatasi yako atakupokea kwa mikono miwili, atakuuliza hali ya watoto, atavaa miwani, atavua miwani, kisha atakwambia kwa sauti ya mtu anayekutakia heri: "Njoo kesho." Na kesho yake vilevile. Wapo walioanza kumjia wakiwa na meno yote, sasa walikuwa wanamsalimia kwa ufizi.

Basi asubuhi hiyo Mkuu Mpya aliwakusanya. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya kugonga sakafu, unamsikia anakuja na bado una nafasi ya kuficha kikombe. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta sita mpya, na kwenye kila kioo amesimama ndege mnene aliyevaa kama bwana harusi.

"Makaratasi basi," alisema Mkuu Mpya. "Kompyuta hizi zinatumia mfumo wa Linux. Nawapa wiki moja mkajinoe nyumbani. Ijumaa ya wiki ijayo kila mtu atafanya mtihani kwenye dirisha lake, mteja akiwa mbele yake. Atakayeshindwa, dirisha nampa mwingine, yeye naye namhamishia stoo."

Stoo ilikuwa nyuma kabisa, haina dirisha wala kiti, majalada yamerundikwa mpaka darini na mchwa wamejenga. Karani wa mwisho kupelekwa huko walimsahau hata kwenye kadi za kuagana.

Bwana Kesho akanyoosha mkono. "Mkuu, samahani. Huyu bata ni wa nini?"

"Si bata, mzee. Ni pengwini, nembo ya Linux."

Tarishi alicheka mpaka akashikilia ukuta. Bwana Kesho akarudi nyumbani na kile kicheko mgongoni kama mtu aliyebeba gunia.

*

Nyumbani meza ilikuwa moja. Upande huu cherehani ya mkewe, aliyekuwa fundi wa sare za shule. Upande wa pili kompyuta kuukuu ya binti yao. Binti alikuwa fundi wa kompyuta, mtoto wa pekee, na hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe.

"Nimekuwekea Linux, Baba. Andika nenosiri."

Bwana Kesho akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayepanda mbegu za mahindi. Alipotazama kioo, hakuona kitu. Akarudia kwa nguvu zaidi.

"Kibodi imekufa."

"Haijafa. Hapa ukiandika nenosiri halionekani, hata nukta huioni. Linaingia kimyakimya."

"Aa," akasema mkewe bila kuinua macho, "kama chai ya wakubwa."

"Mama!"

"Nimesema nini? Mguu wangu upo kwenye pedali, mdomo unakwenda wenyewe."

Binti akamwonyesha baba yake programu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kutafutia majalada. Akasema anasafiri, kuna shule imeharibikiwa kompyuta, atarudi Alhamisi mchana. "Fanya mazoezi kwa hizi mbili tu. Nyingine ni zangu, usiziguse."

"Mwanangu, nimekaa masjala miaka ishirini na tisa. Utanifundisha wewe kutogusa vitu?"

*

Jumatatu saa nne asubuhi, pazia limefunguliwa na jua limejaa chumbani, Bwana Kesho alikaa mbele ya kioo akiwa amevaa tai. Programu ya kutafutia aliitazama, nayo ikamtazama. Ilikuwa na kisanduku cheupe kinachopepesa mstari, kikimngoja aseme anatafuta nini. Akakaza tai. Macho yake yakahama, yakatua kwenye kijipicha kingine pembeni, cha jalada la rangi ya udongo lililofungwa uzi. Chini yake pameandikwa: JALADA.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema, akaibonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Maandishi yakatokea taratibu: USIFUNGUE UKIWA PEKE YAKO.

Akageuka, akahakikisha mkewe yupo. "Wanataka shahidi. Utaratibu mzuri."

Ikatokea ofisi. Korido ndefu, taa inawaka na kuzima, makabati yameshika kutu, majimaji mekundu yanadondoka kutoka darini, na dirisha moja lenye nondo. Bwana Kesho akasisimka.

"Njoo uone! Wamepiga picha ofisini kwetu!"

Mkewe akasogea na uzi mdomoni. "Mbona kuna damu?"

"Damu gani? Kutu ya bomba hiyo. Tumeilalamikia tangu mkuu wa zamani."

"Na ukutani wamekwaruza kwa kucha, NISAIDIENI."

"Sanduku la maoni limejaa, ndiyo maana watu wanaandika ukutani."

Ndipo akaja. Alitoka mwisho wa korido, mwanamke mwenye nywele ndefu zinazochuruzika maji, na pale macho yalipopaswa kuwa pana mashimo mawili. Hakutembea. Taa ikizima yuko mbali, ikiwaka yuko karibu. Akafika dirishani, akaweka vidole vyeupe kwenye nondo. Sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta: "Nimekuja kuchukua jalada langu."

Mkewe akajichoma sindano. "Toba!"

Chini ya kioo yakajipanga majibu matatu: MFUNGULIE. KIMBIA. MWAMBIE AJE KESHO.

Bwana Kesho hakupepesa. Akavua miwani, akaivaa, akabonyeza la tatu.

Mwanamke akafifia. Juu kwenye pembe ikaandikwa: AMERUDI MARA 1.

"Unaona?" akasema Bwana Kesho, uso umechanua. "Wanahesabu wateja uliowahudumia. Na mimi nilikuwa naogopa kompyuta!"

*

Kufikia Jumanne jioni alikuwa na wateja tisini na sita, japo wote walikuwa yuleyule mmoja. Kila aliporudi alikuja vibaya zaidi kuliko mwanzo. Alikuja kichwa kimegeuka kisogoni, na Bwana Kesho akamwambia, "Geuka mama, sikusikii." Alikuja akitambaa darini kama mjusi, na Bwana Kesho akasonya: "Huyo anataka kuruka foleni. Nawajua hawa." Alikuja akilia, akaja akicheka, akalia na kucheka pamoja. Njoo kesho. Njoo kesho. Njoo kesho.

Jirani yao msusi alipita kuchukua gauni lake. Alisimama nyuma ya kiti, akauliza, "Shemeji unaangalia ni—" na hapo uso ukajaa kioo kizima ukapiga ukelele. Msusi alitoka na ukelele wake mwenyewe, gauni kaliacha na ndala moja kaiacha.

"Wateja wengine wana kelele," Bwana Kesho akamwambia mkewe. "Ndiyo kazi. Hutakiwi kupandwa na hasira."

Mkewe macho yalikuwa kwenye kioo. Tangu asubuhi alikuwa ameshona kola mbili tu, zote mbili kwenye shati moja. Siku ya kwanza alikuwa anaogopa. Siku ya pili hofu ilikuwa imegeuka kitu kingine, akawa anamwangalia yule mwanamke wa kwenye kioo kama mtu anayemwangalia jirani aliyenyeshewa.

"Hivi," akasema, "anataka jalada la nini?"

"Sijui."

"Mara tisini na sita amekuja, hujui?"

"Hajaandika barua ya kueleza."

Jumatano mzimu alieleza. Hakupiga ukelele siku hiyo. Alikuja taratibu, akaegemea nondo kama mtu aliyechoka miguu, akasema: "Nilifia kwenye foleni yenu. Jalada langu halijafungwa. Nikizikwa, natoka. Nikilala, naamka. Tafadhali nifungieni jalada nipumzike."

Cherehani ikanyamaza.

"Mpe," mkewe akasema.

"Siwezi. Aliyefariki haruhusiwi kufuatilia mwenyewe. Lazima aje ndugu wa karibu."

"Bwana wee, mpe mama wa watu jalada lake!"

"Utaratibu—"

"Utaratibu umekaa na tai ndani ya nyumba!" Alisimama, mikono kiunoni, futi ya fundi inaning'inia shingoni. "Leo sipiki. Mpaka yule mama apate jalada lake, hapa haliinjikwi sufuria. Ule hiyo kesho yako."

"Mke wangu, ni mazoezi tu."

"Mazoezi! Unakumbuka tulivyojuana mimi na wewe?"

Bwana Kesho akatabasamu kidogo, maana alikumbuka. "Ulikuja dirishani kwangu."

"Nilikuja kuchukua cheti changu cha kuzaliwa. Ukaniambia njoo kesho. Mara kumi na moja! Mama yangu akasema, mwanangu, mwanamume anayekuita kila siku hivyo, huyo anakutaka. Na mimi mjinga nikaanza kujipaka wanja nikija."

"Si nilikuoa?"

"Ulinioa. Cheti kiko wapi?"

Kwenye kioo mzimu alikuwa ametulia, kama anayesikiliza ugomvi wa wenyeji na hajui kama aage au akae.

"Mume wangu, tuna binti mwenye kazi yake. Mimi kwa serikali bado sijazaliwa."

Bwana Kesho alilala na njaa. Kabla ya hapo, lakini, alikwenda kwenye kioo akabonyeza la tatu, ili asipoteze alama.

*

Alhamisi binti aliingia na begi mgongoni, akakuta baba yake amekaa wima na tai yake, na pembeni ya kioo pameandikwa AMERUDI MARA 214. Begi likaanguka.

"Baba! Unafanya nini?"

"Mazoezi. Nimefika mia mbili na kumi na nne. Mwenzangu wa dirisha la pili sidhani kama amefika hamsini."

"Baba, huu ni mchezo! Mchezo wa kutisha! Watu wanaucheza ili waogope!"

Bwana Kesho akamtazama binti yake, akakitazama kioo. "Unatisha wapi?"

"Ni dakika ishirini tu! Mwanzo mpaka mwisho ni dakika ishirini! Hilo jibu la tatu waliotunga waliliweka kwa utani. Hakuna mtu anayelichagua zaidi ya mara tatu, moyo haustahimili." Binti akakaa chini sakafuni. Alianza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamwona baba yake uso na kicheko kikakatika. "Na ile ya kutafutia? Ile niliyokuonyesha? Mtihani ni kesho, Baba."

Neno hilo lilikuwa limetoka kinywani mwa Bwana Kesho maelfu ya mara. Leo ndiyo kwanza analipokea. Akalegeza tai.

"Sikuifungua," akasema.

"Kwa nini?"

Bwana Kesho akavua miwani. Mkewe akazima pasi.

"Sijui kutafuta," akasema hatimaye. "Si kwenye kompyuta tu. Sijui majalada yako wapi. Sijawahi kujua."

"Hujawahi tangu lini?" mkewe akauliza polepole.

"Tangu siku ya kwanza. Mzee aliyenitangulia alikuwa ameyapanga kwa mpango wake, uko kichwani mwake. Alinikabidhi funguo Ijumaa, akasema Jumatatu atanionyesha. Jumapili akafariki. Mimi kijana, mgeni, nikaona aibu kuuliza. Akaja mtu wa kwanza, nikamwambia aje kesho, nipate nafasi ya kutafuta. Nikatafuta mpaka jioni, nisipate. Akaja wa pili. Akaja wa tatu." Alifuta miwani kwa ncha ya tai. "Ukishasema uongo wa siku moja kwa mwaka mzima, utaanzia wapi kusema ukweli?"

Mama na binti wakatazamana. Mama ndiye aliyevuta kigoda, akakaa kando ya mumewe. Hakuwa amemsamehe, alikuwa na maneno makali bado hajayatumia. Lakini fundi akiona mshono umefumuka, mkono huenda wenyewe.

"Haya," akasema. "Mfungulie huyo mama."

"Sasa?"

"Sasa hivi. Na mimi nipo."

Akaupeleka mshale kwenye jibu la kwanza. Siku nne alikuwa ameona vichwa vimegeuka na watu wanatambaa darini, hakutikisika. Sasa mshale ulimponyoka ukapita jibu, ikabidi aurudishe. Akabonyeza. Nondo zikalia, dirisha likafunguka, na mzimu akaingia ndani, akasimama nyuma ya mgongo wake. Makabati yakajitandaza mbele yao, mia na zaidi. Sauti ikasema karibu na sikio: "Tafuta."

"Ni programu ileile, Baba," binti akanong'ona. "Wamepaka giza tu. Andika jina lake. Mwulize jina lake."

Mara mia mbili na kumi na nne, na hajawahi kumwuliza jina! Akauliza. Akaandika. Yakatoka makabati arobaini. Akaandika mwaka, yakabaki sita. Kila kabati alilofungua kitu kilimrukia. Mkono. Panya. Uso. Na kila mara Bwana Kesho alipiga kelele za kweli, ukelele wa mtu anayetafuta na anaogopa kukosa. Msusi alikuja mlangoni na ndala yake moja, akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna," akasema mke. "Mume wangu yuko kazini."

Kwenye kabati la tano lilikuwapo, rangi ya udongo, limefungwa uzi. Akalipokeza. Mzimu akalifungua, akalisoma, akalifunga. Nywele zake zilikuwa zimekauka. Akasema, "Asante, karani," akaondoka kwa miguu yake, kama mtu yeyote anayetoka ofisini amepata alichokijia.

Ilikuwa imechukua dakika kumi na saba.

*

Ijumaa Mkuu Mpya alisimama nyuma ya kiti cha Bwana Kesho na kalamu mkononi. Pengwini alikuwa kwenye kioo. Mteja wa mtihani alikuwa mkunga mstaafu, bibi mnene wa mikono mipana, aliyezalisha nusu ya mji na alikuwa anatafuta jalada lake la ustaafu kwa mwaka wa sita.

"Jina lako, mama?" akauliza Bwana Kesho. Foleni nzima ikashtuka.

Akaandika jina. Kioo kikafikiri. HAKUNA MATOKEO. Akaandika mwaka wa kuajiriwa. HAKUNA MATOKEO. Akajaribu jina la baba, akajaribu kituo cha kazi. Mkuu Mpya akaacha kuandika alama, akainama, akajaribu mwenyewe, kucha zikigonga kibodi. Akanyooka na aibu usoni.

"Mkuu," Bwana Kesho akauliza kwa sauti ya chini, "majalada yameingizwa humu?"

"Hiyo ni awamu ya pili."

"Yaani kompyuta ni tupu?"

"Wewe unapimwa kutafuta, mzee, si kupata." Kisha akamgeukia mkunga kwa tabasamu zuri kabisa, la kwenye picha. "Mama, mfumo bado haujakamilika. Tuachie namba yako, tutakupigia."

Mkunga hakubisha. Akazikusanya karatasi zake, akazikunja mara nne kama mtu aliyezoea, akasema, "Asante, mwanangu."

Hapo ndipo nywele zilipomsimama Bwana Kesho. Siku zote za wiki ile hakuna kilichomtisha kama ile asante. Akainuka.

"Kaa, mzee. Mtihani haujaisha."

"Nakuja."

"Ukiondoka kwenye hicho kiti umeshindwa. Dirisha nampa mwingine."

Bwana Kesho akakitazama kiti, na lile shimo lake la miaka ishirini na tisa katikati. Akachukua funguo kwenye msumari. "Mama," akamwambia mkunga, "una nguvu za kushika ngazi?"

"Nimeshika wanawake waliokuwa wanapiga mateke. Nionyeshe ngazi."

Baada ya nusu saa Mkuu Mpya alisikia kimya asichokielewa. Akatoka ofisini kwake. Madirisha matano yalikuwa na makarani, la sita tupu, na mbele yao hapakuwa na mtu hata mmoja. Viatu vikagonga korido nzima mpaka stoo.

Foleni ilikuwa imehamia huko. Watu kumi na saba wamejipanga kati ya rafu, wamefunga vitambaa puani, wanapokezana maboksi na kusomeana majina kwa sauti. "Huyu wa kwenu?" "Huyo alikwisha kufa, weka upande wa marehemu!" Vumbi limesimama kama ukuta. Juu kabisa ya ngazi, bila tai, Bwana Kesho alikuwa anang'ang'ana na boksi lililokwama darini, na chini yake mkunga anampigia kelele: "Pumua! Usikaze shingo! Pumua kwanza, halafu vuta!"

"Mzee!" Mkuu Mpya akaita. "Umeshindwa mtihani. Kuanzia leo nakuhamishia stoo!"

"Nimeshafika, Mkuu," ikajibu sauti kutoka juu.

"Na hawa wote? Hii ni kinyume cha utaratibu!"

Mkunga akageuka, akampima kutoka kichwani mpaka kwenye visigino, kwa jicho la mtu anayekadiria miezi. "Mwanangu," akasema, "mimi mikono imeanza kuchoka, na boksi linakuja. Vua hivyo viatu, ushike ngazi huku."

Mkuu Mpya akatazama nyuma, kama kuna mwingine anayeambiwa. Hakuwapo. Boksi likatoa mlio. Akavua viatu, akashika.